Nadhiri ya Baba Yake

Pazia lilipofungwa, mzee alikuwa analia kwenye kiti cha mbele. Nikajisemea moyoni, hapa nimeshinda.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Mpenzi wangu, nesi, ana dini yake na mimi nina yangu. Utotoni aliwahi kuugua hadi watu wakakata tamaa, na baba yake, mhubiri, akaweka nadhiri: mtoto akipona, hataolewa nje ya imani yao. Akapona. Basi nikafundisha dhamira ya dini kwa tamthiliya ya kale, ya mfalme aliyemtoa binti yake kafara kwa sababu ya nadhiri. Wanafunzi wakaigiza, nikawaalika baba na binti. Nilijiona mjanja kweli!

"Mwalimu," mzee alinishika mkono, "yule mfalme ni mimi."

"Hapana, baba..."

"Ni mimi. Nilimwahidi Mungu kisicho changu. Muoe. Nitatubu mwenyewe."

Nikamgeukia nesi wangu. Uso ulikuwa mkavu.

"Umesikia, mpenzi?"

"Nimesikia. Mfalme alipochelewa kutimiza nadhiri, nini kilitokea?"

"Ile ni hadithi tu."

"Nijibu, mwalimu."

"Maradhi yaliingia mjini."

"Aliyekufa wa kwanza nani?"

"Mama yake mfalme."

"Baba ana ugonjwa wa moyo. Mimi ndiye ninayempima presha kila asubuhi. Akianguka wiki moja baada ya harusi yetu, utaniambia ni hadithi tu?"

"Mwanangu, nimeshakuachilia," mzee alisema.

"Wewe umeniachilia, baba. Na uliyemwahidi je?"

Akamshika baba yake mkono, wakatoka. Hakugeuka nyuma.

Siku ya tatu ukaingia ujumbe: "Jumamosi naolewa na katibu wa baba. Usije. Nakupenda."

Nikapiga simu yake. Akapokea mzee.

"Baba, mzuie!"

"Nimempigia magoti, mwalimu, hasikii. Tangu mdogo nilimfundisha kumwogopa Mungu, nikasahau kumwambia kwamba husamehe. Mimi nilianza, wewe ukamalizia."

"Nifanye nini sasa?"

"Huna la kufanya. Na mimi ndiye nitakayewafungisha ndoa."

Akaanza kulia. Nami nikalia, tukasikilizana vilio hadi salio langu likaisha.