Mgeni Rasmi Ukingoni mwa Mto

Sogeeni karibu, mkae vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako! Leo kuna mto wenye njaa.

Sikudhani aliishi na mama yake kando ya Mto Lukwisa, pale mto unapopinda.

Upande wa ng'ambo maji yalitembea polepole na kuacha mchanga. Upande wa kina Sikudhani maji yalikimbia. Yalikimbia huku yanakula udongo.

Nyam! Nyam! Pwaa!

Lakini ukingoni kulikuwa na matete. Mizizi yake iliushika udongo, ikaushika haswa! Basi mto ulikula kidogo tu, kama mtoto asiyependa mchicha.

Siku moja akaja mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kindamba, na kipaza sauti chake.

"Ndugu wananchi! Jumamosi tuna mgeni rasmi! Anakuja kuzindua Kampeni ya Kuzuia Mafuriko!"

"Oyeee!" wakaitika watu.

"Atakaa hapa ukingoni, auone mto vizuri. Fyekeni matete yote!"

"Lakini Mwenyekiti," alisema Sikudhani, "si matete ndiyo yanashika udongo?"

"Mtoto, usinichanganye! Mgeni rasmi atazameje matete?"

Watu wakafyeka. Fye! Fye! Fye! Ukingo ukabaki kipara.

Mto ukafurahi, ukala.

Nyam! Nyam! Pwaa!

Maji yakafika karibu na jiko la mama. Sikudhani akaogopa, akaogopa sana.

"Mama, mto utakula nyumba yetu?"

Mama alimshika mkono.

Jumamosi hema likafungwa ukingoni. Meza kuu ikapambwa kwa maua ya plastiki. Mheshimiwa mgeni rasmi akafika na tai yake nyekundu.

Mheshimiwa akahutubia. Akahutubia. Akahutubia mpaka mbuzi wakasinzia.

"Mto huu," akasema, "tumeudhibiti!"

Makofi! Pa! Pa! Pa!

Wageni wakala pilau. Mto nao ukala.

Nyam! Nyam! Pwaa!

Sikudhani akaona ufa chini ya meza kuu. Ufa ukapanuka.

"Mheshimiwa, ondoka! Ardhi inapasuka!"

"Binti, maswali mwishoni," alisema Mwenyekiti.

Mheshimiwa akasimama, akashika mkasi, akakata utepe.

PWAAA!

Meza ikaenda. Maua yakaenda. Sufuria la pilau likaenda, na pilau lake! Mama Sikudhani akaruka, akamdaka Mheshimiwa kwa koti, akamvuta juu.

Lo!

"Nani," aliuliza Mheshimiwa, "nani alifyeka matete?"

Watu wote wakamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mawingu.

Mheshimiwa akamgeukia Sikudhani. "Haya, binti. Swali lako lilikuwa nini?"

"Sikuwa na swali," alisema Sikudhani, na machozi yakamtoka. "Nataka mto usile nyumba yetu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa akavua koti, akakunja suruali.

Wakalihamisha jiko la mama, wakalipeleka juu, mbali na maji. Halafu wakapanda matete, watu wazima na watoto. Bwana Kindamba alipanda la kwake kichwa chini, mizizi juu. Sikudhani akaligeuza, wala hakumsema.

Matete yakashika. Yakawa marefu kuliko Sikudhani, kisha marefu kuliko mama.

Masika yakaja. Mto ukajaa, ukanguruma. Ukaja ukingoni, mdomo wazi.

Nyam!

Nyam...

Basi. Mizizi ilikuwa imeushika udongo.

Jioni hiyo Sikudhani alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni.

"Mama, mto bado una njaa?"

"Una njaa, mwanangu. Mto hauachi kuwa na njaa."

"Utakuja kutula?"

"Sikiliza," alisema mama.

Wakasikiliza. Mvua ilinyesha. Nje, matete yalikuwa yakisema shaa, shaa, shaa.

"Haya, lala," alisema mama.

Sikudhani akalala, nyumbani kwao.