Siku Alizochangamka Mno

Fundi cherehani alipojifungua mtoto wa kike, mama mkwe wake, muuza mboga, alihamia kwao kusaidia. Alikoroga uji, akamwogesha mtoto, akamtania mwanawe seremala kwamba anambeba mtoto kama ubao.

Baadaye fundi akanyong'onyea. Alishinda kitandani ameelekea ukutani. Chakula hakipiti, machozi hayakauki.

"Sifai kuwa mama," alimwambia mkwewe.

Muuza mboga hakungoja. Aliwapeleka wote hospitali. Daktari aliwaambia kwamba huzuni nzito baada ya kujifungua huwapata wengi, na inatibika. Alimuuliza fundi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hapana, alijibu. Kisha daktari akawauliza seremala na mama yake:

"Kabla ya huzuni hii, aliwahi kuchangamka kupita kawaida?"

Seremala alikana. Muuza mboga alisita, akihofia kumwaibisha mkwewe. Lakini mambo aliyaona kwa macho yake. Akapiga moyo konde.

"Mwanangu, niseme?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

Basi akaeleza kila kitu. Muda mfupi baada ya kujifungua, fundi alikuwa halali wala hachoki. Aliongea mfululizo. Alikata vitambaa vya wateja wote kwa mpigo, akisema anafungua kiwanda. Nyumba nzima ilidhani ni furaha ya mtoto.

"Umefanya jambo kubwa kusema, mama," daktari alisema. "Huzuni peke yake ni ugonjwa mmoja. Huzuni inayopokezana na uchangamfu uliopitiliza inaweza kuwa ugonjwa mwingine, uitwao baipola. Tukimpa dawa ya huzuni tu, anaweza kuchangamka tena mpaka azidiwe."

Alimchunguza zaidi, akauliza habari za ukoo wao, akathibitisha kuwa ni baipola. Akampa dawa inayomfaa mama anayenyonyesha. Tena akasisitiza fundi apate usingizi wa kutosha. Seremala akajifunza kumbembeleza mtoto usiku, na ubao ukasahaulika.

Nafuu ilikuja polepole, ikakaa. Fundi alirudi kwenye kazi yake, akiendelea na dawa. Siku moja kliniki ilimwomba azungumze na akina mama wenzake.

"Msitaje huzuni tu," aliwaambia, sauti yake imetulia. "Tajeni na siku ambazo hamkulala wala hamkuchoka."

Kwenye benchi la nyuma, muuza mboga alikuwa amempakata mjukuu. Akamgusa mwanamke aliyekaa jirani yake.

"Yule anayezungumza," alinong'ona, "ni wangu."