Aliyeitikia Hodi Gofuni

Hebu fumba macho kidogo, uone njia nyembamba inayopita msituni baada ya mvua. Mbele yako wapo watu wa likizo, kofia pana vichwani, chupa za maji mikononi, viatu vimejaa tope. Mwisho wa njia lipo gofu la kale: kuta za mawe zilizokumbatiwa na mizizi, na kizingiti kisicho na mlango. Umeliona? Basi simama hapo hapo, usiingie bado.

Mwongozaji wa wageni hao aliitwa Filimbi, kwa sababu ya filimbi aliyoipuliza kila mtu alipobaki nyuma. Waongozaji waliomtangulia walikuwa na desturi moja pale kizingitini. Walipiga hodi, wakanyamaza mpaka upepo utoke ndani na kuwagusa usoni. Usipotoka, waliwageuza wageni wakarudi.

Filimbi hakupenda kusubiri. Wageni walichoka, wakalalamikia mbu. Basi akamweka shemeji yake, mdogo wa mkewe, ajifiche chumba cha ndani.

"Hodi wenyewe!" Filimbi alipaza sauti.

"Karibuuuni," shemeji alijibu kwa sauti ya kizee. Wageni walipiga mayowe, kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Shemeji, wewe ulizaliwa jini ukakosea nyumba," Filimbi alimtania wakirudi.

"Na wewe ulizaliwa bila aibu. Tumekutana."

Asubuhi moja Filimbi alipiga hodi kama kawaida. Upepo haukutoka. Sauti ilijibu, lakini haikuvuta neno. Ilisema taratibu, karibu kabisa na sikio lake:

"Karibu. Na mimi nitakuja kwako."

Ikatoka harufu ya chokaa mbichi na kinyesi cha popo. Wageni walipiga makofi. Filimbi aliingia kumpongeza shemeji, akakuta chumba kitupu. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama hata ya unyayo.

Nyumbani alimkuta shemeji kitandani, anatetemeka kwa homa. "Nimekupigia simu, hupatikani," alisema kwa shida. "Leo sijatoka nje."

Mkewe alikuwa jikoni, amejifunika pua kwa kanga. "Mume wangu, hii harufu unaisikia? Mtu kapiga hodi mchana. Nikasema karibu, nikafungua, hakuna mtu. Tangu hapo nyumba inanuka kama pango."

Filimbi alifungua madirisha yote.

Kesho yake mkewe alimpa chai katika kikombe cha wageni. Alipomuuliza, alicheka, akasema amejisahau. Siku iliyofuata alimwandalia kiti cha pembeni, kile cha mgeni asiyekaa sana. Shemeji alipona homa, lakini sauti haikurudi. Alimtazama Filimbi akifungua na kufumba mdomo kama samaki. Kisha binti wa Filimbi, aliyezoea kumrukia baba yake mlangoni, alijificha nyuma ya mama yake na kunong'ona: "Mama, huyu nani?"

Filimbi alimleta mganga, mama mpole aliyefukiza ubani chumba kwa chumba, na moshi ulipofika chumba cha kulala ulirudi nyuma kama uliosukumwa kwa kiganja, na mganga alipopiga hodi mlangoni pale alijibiwa "Karibu" na sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyeketi kwake na asiye na haraka, hata ubani ukazimika wenyewe mkononi mwake.

"Mwanangu," alinong'ona akifunga mkoba, "mgeni ningemtoa. Huyu amekaribishwa. Ulikuwa unakaribisha watu kwake bila idhini yake. Sasa yeye anakaribisha kwako. Nenda kamwombe radhi. Zaidi ya hapo sina."

Filimbi alikimbia hadi gofuni, akapiga magoti kizingitini, akapiga hodi na kusubiri, kama alivyopaswa kusubiri tangu mwanzo, akalia, akaomba msamaha kwa jina la mkewe na mtoto wake, jua likapita juu ya kuta na kuanza kushuka, na hakuna jani lililotikisika, kwa maana ndani hapakuwa na mtu tena. Mwenyewe alikwisha kuhama.

Alirudi nyumbani, akapapasa shingoni. Filimbi yake haikuwepo.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

Mkewe alifungua mlango nusu. Alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyepotea njia. "Karibu. Unamtafuta nani?"

"Ni mimi. Mama watoto, ni mimi!"

Kutoka ndani ilisikika filimbi, fupi, ya kuita. Binti alicheka na kukimbilia chumbani.

"Samahani, kaka," mkewe alisema, "mume wangu ananiita." Akafunga mlango, akaukomea.

Sasa fumbua macho. Nina ombi moja tu, likumbuke popote utakapotembea: ukipiga hodi kwenye nyumba isiyo yako, msubiri mwenyewe ajibu.