Nota za Mkono wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama Gongoni Recheli alipopita kwa marehemu Mwalimu Hilari kuchukua daftari la nota. Mzee alikuwa na siku tatu tu kaburini. Msibani walimsifu mpaka Recheli akatoka nje. Mwalimu wa piano, mtu wa Mungu! Mtu wa Mungu gani anamchapa mtoto wa miaka kumi kwa rula ya chuma mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinapinda na kubaki hivyo?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Benedikta, mjane, alimsikiliza, kisha akashusha sauti. "Matanga hayajaondolewa. Vitu vyake havitoki humu. Subiri Jumamosi, nitakupa."

Kusubiri tena! Miaka kumi na miwili haikutosha? Mama alipoingia jikoni, Recheli alilinyakua daftari juu ya piano, akalitia kwenye mfuko wa gitaa. Wimbo ule ule wa daftarini, uliomvunja kidole, angeugeuza muziki wa metali, gitaa la umeme lingurume mpaka mzee ageuke kaburini.

Nyumbani alijifungia, akaanza kazi. Piano hupigwa kwa vidole kumi, gitaa lina nyuzi sita, lazima upunguze. Alilegeza uzi mnene, sauti ikashuka. Mkono wa kulia wa piano akaupeleka kwenye nyuzi nyembamba. Nota za chini za mkono wa kushoto, zile ambazo kidole chake kibovu hakikuzifikia, alizikata kwa kalamu nyekundu. Zote. Alikata kwa hasira mpaka karatasi ikachanika.

Akarekodi kwa simu. Akasikiliza.

Gitaa lilinguruma vizuri. Halafu... kwa chini...

Piano.

Ilikuwa inapiga zile nota alizozikata, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Harufu ya ugoro ikajaa chumbani. Recheli hakuwahi kuvuta ugoro. Mwalimu Hilari ndiye aliyevuta.

"Rudia," sauti ikanong'ona kisogoni.

Ndivyo alivyosema kila akishachapa. Hasira ikamshinda Recheli hofu. "Sirudii! Umenivunja kidole, mzee mbaya wewe, hata pole hukunipa!"

Mkono wa baridi ukakishika kidole chake kilichopinda, ukakinyoosha.

Ko!

Hakikuuma hata kidogo.

Asubuhi alilirudisha daftari. Mama Benedikta hakumgombeza. Alikitazama kidole kilichonyooka, akakaa chini.

"Alikililia hicho kidole mpaka siku ya mwisho," alisema.

"Kwa hiyo amekuja kuniomba msamaha?"

"Sijui, mwanangu. Yule hakuwahi kumwomba mtu msamaha." Akautazama mkono wake. "Mbona unagonga meza?"

Recheli akatazama. Kidole kilikuwa kinagonga taratibu, kwa mpigo, nota za mkono wa kushoto. Akakibana kwa mkono wa kulia. Kikaendelea ndani ya kiganja.

"Niache, mzee!" akafoka, machozi yakimtoka. "Niache!"

Kidole kikasimama.

Kisha kikaanza upya, tangu nota ya kwanza.