Mgongo wa Komandoo

Kilichoanza ni mstari tu, upana wa kidole, umenyolewa safi kisogoni mwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe hajui kanyolewa na nani.

"Labda ulilala vibaya," mkewe alimwambia, ingawa alijua fika kwamba kulala vibaya hakujawahi kumnyoa mtu.

Saluni yao ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati: mume akinyoa upande wa barabarani, mke akisuka upande wa ndani. Mume aliitwa Komandoo, jina alilojipa mwenyewe kanisani na kulilinda kama cheo. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo kikubwa akazivaa silaha za Mungu zinazotajwa katika Biblia, kwa kuigiza: akajifunga mkanda wa kweli kiunoni, akapachika dirii kifuani, akakanyaga viatu, akainua ngao, akajitwika chapeo, kisha akachomoa upanga kwa makelele hadi fundi viatu wa jirani akaguna. Mkewe alisali kimoyomoyo huku akichambua nywele za bandia. Debe tupu haliachi kuvuma, alijisemea.

Mchana mmoja Komandoo alimaliza kumnyoa mteja, akashika kioo kidogo nyuma yake ili ajione kisogo. Mteja alitazama mara moja, akaruka na shuka shingoni, akatokomea barabarani. Komandoo naye akageuza kile kioo. Nyuma yake, karibu na mlango, alisimama mtu mrefu ambaye mahali pa uso palikuwa na nywele tupu. Mwanajeshi wa Bwana alipita kwenye pazia kama mbuzi aliyeona chui, akampita mkewe, akatokea mlango wa uani. Aliporudi, ule mstari ulikuwa umeongezeka.

Ikawa hivyo. Kila yule mtu alipotokea naye akakimbia, mstari ulipanda, na kila ulipopanda, kitu kilimtoka kichwani. Alisahau jina la mtoto wao wa mwisho. Kisha akapotea njia ya nyumbani, mtu aliyeipita miaka yote. Mkewe alimcheka mbele za watu, lakini akiwa peke yake alilia, maana mstari ukifika utosini hatakuwa na mume tena, atakuwa na nguo tupu iliyotundikwa.

Komandoo alikimbilia maduka ya upako. Akabandika stika mlangoni, akapaka mafuta dirishani, akavaa bangili ya maombi.

"Umemaliza?" mkewe aliuliza.

"Sasa hapiti, mama. Nimeziba kila mahali."

"Kwani anapita mlangoni? Anakuja kwa mgongo wako. Hebu niambie, katika silaha zako zote za asubuhi, ya mgongoni ni ipi?"

Komandoo alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Haipo," mkewe akasema. "Na Mungu hakusahau. Hakushona nguo ya kukimbilia."

Siku ileile umeme ulikatika. Saluni ikatulia, mvua ikaanza kugonga bati, na mashine ya kunyolea iliyokuwa mezani, waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote, ikaanza kunguruma yenyewe, kwanza polepole, kisha kwa hasira, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka sakafuni ikajaa puani na kooni, na Komandoo akauona mlango wa uani na miguu yake ikaanza kuutamani, na mkewe akaja kusimama ubavuni mwake badala ya nyuma yake.

"Usikimbie," alinong'ona. "Geuka."

"Siwezi."

"Geuka, baba. Nipo."

Akageuka, macho kayafumba. Ndipo sauti ikasema karibu kabisa na nyuso zao, "Huyu ni wangu. Hata raha ya kumkimbiza sina tena, nimemchoka."

"Toka kwa jina la Yesu," mwanamke akasema. Alikuwa anaogopa sana, na ule woga ulimtia hasira. "Na usijidai. Kiumbe mzima, kazi yako kuvizia visogo vya watu! Hata jogoo humkabili mwenzake usoni. Toka, unanuka."

Mashine ikazima. Harufu ikapungua, ikaisha. Baada ya siku kadhaa nywele zikaanza kuota kwenye ule mstari, na Komandoo akamwita mtoto wake kwa jina. Mkewe alimshukuru Mungu, akampa mumewe sharti moja tu.

"Ukienda kutoa ushuhuda, sema kweli. Sema uliogopa."

"Haki ya Mungu nitasema."

Jumapili akapanda jukwaani. Akaona watu, akaona kipaza sauti, akavimba.

"Nilimkata kwa upanga wa Roho!" alipaza sauti. "Mke wangu kajificha chini ya meza analia, mimi namfukuza pepo mpaka barabarani!"

Kanisa likalipuka kwa makofi. Komandoo akageuka kuelekea madhabahuni, akapiga magoti apokee baraka, akiwapa watu wote mgongo.

Mkewe alikuwa amekaa safu ya tatu. Alisikia harufu kwanza. Kisha akaona vinywele vifupi vikidondoka kwenye kola nyeupe ya mumewe, na mstari ukipanda kisogoni polepole, safi, kama unaochorwa, ukielekea utosini, na katikati ya amina zote zile, sauti ya ile mashine ya saluni ilikuwa inanguruma.

Akasimama. Akakaza mkanda wa gauni lake, akatembea kwenda mbele, uso juu, hakuangalia pembeni.

"Mpumbavu mkubwa wewe," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na mpaka leo waumini wanabishana alikuwa akimwambia nani.