Mikizi wa Bahari ya Baridi

Mumewe alimpa jina la Kiherehere, na siku hiyo lilimkaa sawasawa. Tangu asubuhi alikuwa akilizunguka bwawa lao la maji ya chumvi. Kila alipoinama aliokota mkizi mdogo aliyekufa. Bwawa hilo ndilo lililowalisha.

"Kaa chini, mke wangu. Unanitia kizunguzungu."

"Nikae vipi? Si wewe uliyeleta vifaranga hawa wa mikizi kutoka pwani ya mbali?"

"Na nani aliyesema wa ghuba yetu wamekonda kama njiti?"

Ni Kiherehere mwenyewe. Hawa wa mbali walikuwa wanene, akawapenda kwa macho. Sasa roho ilimuuma.

Jua lilipopanda, samaki waliobaki walikuja juu ya maji wakihema. Kiherehere hakuvumilia. Akawachota kwa ndoo.

"Nawamwaga baharini. Labda watapona huko!"

"Shemeji, subiri!" Alikuwa Bwana Samaki, afisa wa uvuvi. Mumewe alikuwa amempigia simu. "Kwanza tupoze bwawa."

Bahari ilikuwa imejaa. Wakafungua lango lenye wavu, maji mapya yakaingia. Wakatandaza mikeka juu ya fito ili kupata kivuli. Samaki wakaanza kurudi chini.

"Hawa ni wa bahari ya baridi," Bwana Samaki alisema. "Bwawa lenu linachemka mchana."

"Si watazoea?" mume aliuliza.

"Si suala la kuzoea tu. Ni la kurithi. Mikizi wa kule na wa hapa wametengana kwa vizazi vingi. Hawakutani, hawazaliani. Kule, walioweza baridi ndio walioishi wakazaa. Hapa, ni walioweza joto. Kwa sura ni wale wale, lakini walichorithi kinatofautiana."

"Basi niwamwage baharini," Kiherehere alisema, ndoo mkononi.

"Hapana, shemeji! Wakizaana na wa ghuba yetu, watoto wao wanaweza kushindwa na joto. Bwawa utalijaza tena. Ghuba utaijaza na nini?"

Kiherehere aliitazama ndoo. Kumbe nusura awaharibie wavuvi wote! Akawarudisha samaki bwawani taratibu.

Samaki waliopona, mume na mke waliwalea upande wenye kina na kivuli mpaka wakawauza. Kisha wakaomba kibali, wakachukua vifaranga wa ghuba yao wenyewe, wale njiti.

Msimu wa joto ukafika. Mchana mmoja jua lilikuwa kali kupita kiasi. Kiherehere alitoka mbio na ndoo yake. Akainama. Hakuna samaki aliyekuja juu kuhema. Njiti walikuwa wamenenepa, wanakula chini kwa raha zao.

"Je, leo utakaa?" mumewe alimtania.

Kiherehere akaipindua ndoo, akaikalia.