Kigingi Jikoni

Mtu mmoja aliingia jikoni kwa Nyota kinyumenyume.

Macho yake yalikuwa kwenye utepe wa kupimia. Hakuona moto. Hakuona sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kisigino chake kiligonga figa, sufuria ikayumba, na Nyota akaidaka kwa ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Ee, papa! Kwenu watu wanaingiaka mu jikoni na mugongo?"

"Pardon, mama. Pardon."

Alikuwa kijana mwembamba, mwenye shati jeupe na viatu vya matope. Alitoa kigingi cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu kichwani. Akakipigilia ardhini, hatua mbili kutoka motoni. Kisha akaandika 14 kwa chaki kwenye nguzo ya mlango.

"Ile iko nini?" Nyota akauliza.

"Kazi ya komini, mama. Nitarudi kesho, nitaeleza yote."

Mkubwa wake kutoka ofisi hiyo ya serikali ya mji alikuwa akimwita barabarani. Kijana akaenda mbio, utepe ukiburuta nyuma yake kama mkia.

Ilikuwa Januari, mwaka 1966, mjini Kisangani. Vita vya uasi vilikuwa vimetoka mjini mwaka mmoja tu uliopita. Wakati wa vita, Nyota na mume wake Nassoro walijificha msituni, upande wa Masako, pamoja na watoto wao watatu. Waliporudi walikuta nyumba yao ni majivu. Nassoro alikuwa seremala. Alijenga kibanda kwenye uwanja mtupu kando ya barabara ya Buta. Alitumia fito, udongo na mabati ya mapipa yaliyopasuliwa. Familia nyingine zikafanya vilevile. Hakuna aliyewapa uwanja ule. Hakuna aliyewauliza.

Tonton Feruzi, fundi wa baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita mjomba, alikuja kutoka kibanda cha jirani. Alishika koleo mkononi.

"Nyota, naona weye pia uko na nambari."

"Kumi na ine."

"Mie kumi na tano. Voilà, tutakuwa majirani hata mu kaburi."

Alicheka, lakini sauti yake ilikuwa kavu. Wakati wa uasi, nyumba iliyotiwa alama haikulala salama. Kila mtu mtaani alijua hivyo.

Nassoro alirudi kutoka kazini saa nane. Alikitazama kigingi, akamtazama mke wake.

"Wanataka kutufukuza," alisema.

"Basi wakuje kutafuta alama yao," Nyota akajibu.

Alikishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa. Tonton Feruzi akang'oa chake. Habari ikapita mlango kwa mlango. Kabla ya magharibi hapakubaki kigingi hata kimoja mtaani. Chaki nayo ilifutwa kwa matambara ya maji. Nyota alitia kigingi chake motoni, chini ya maharagwe. Mbao ilikuwa kavu. Iliwaka vizuri.

Asubuhi yule kijana alirudi, kama alivyosema. Alibeba karatasi kubwa iliyokunjwa kwapani. Alitazama huku, akatazama kule.

"Vigingi iko wapi?"

"Iko mu tumbo yetu," Tonton Feruzi alisema. "Tulipikia maharagwe."

Kijana akakaa juu ya ndoo. Akafunika uso kwa mikono. Mabega yake yalitikisika, na Nyota akadhani analia. Alipoinua uso, alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa na maji.

"Mama, muliunguza parseli yenu, kiwanja yenu," alisema. "Na kosa iko yangu. Nilipaswa kueleza jana. Jina yangu Cyprien. Nilijifunza kupima kule Yangambi, mu mashamba ya utafiti. Kule nilipima muhogo. Muhogo haiulizi kitu. Watu wanauliza."

"Alors, tunauliza," Nyota akasema. "Eleza."

Cyprien akafungua karatasi yake juu ya ardhi. Watu wakamzunguka.

"Kuna mufanyabiashara moya anataka uwanja hii yote, ajenge maghala. Ameandika barua. Mu karatasi ya komini, hapa iko majani tu. Hakuna mutu. Na majani haina haki. Lakini tukipima, kila familia inakuwa na kiwanja. Kila kiwanja inakuwa na nambari, na kila nambari inakuwa na jina. Mukuu wa komini hawezi tena kusema hapa hakuna watu."

Watu wakainama juu ya karatasi. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Mungu wangu, tumekula majina yetu."

"Na ile kigingi mu jikoni yangu?" Nyota akauliza.

"Ile ilikuwa njia ya mufereji ya maji. Tunaweza kuisogeza. Mupango haijatiwa sahihi bado. Lakini nyinyi wenyewe mukuje museme. Mie siwezi kujua jikoni iko wapi kama mwenye jikoni ananyamaza."

Siku ile Nassoro alichonga vigingi vipya. Nyota alishika mwisho mmoja wa utepe, Cyprien akashika mwingine. Walipofika kwa Nyota, majirani walibishana kidogo, kisha wakakubaliana. Mfereji ulisogezwa hatua tatu, jiko likapona. Kazi yote ilichukua siku mbili. Nyota alikuwa amejifunza kuandika katika shule ya jioni ya akina mama. Aliandika jina la kila familia kwenye daftari, mara mbili.

"Orodha moya inaenda komini," Cyprien alieleza. "Ingine inabaki hapa. Lakini lazima na ile ya kwenu ipigwe muhuri. Karatasi bila muhuri inasahaulika."

Kisha Cyprien akawaambia neno gumu.

"Sheria ya komini inataka nyumba ya matofali ya kuchoma. Na mabati mupya juu. Asiyeweza anapoteza kiwanja."

"Matofali ya kuchoma!" Tonton Feruzi alisema. "Mie hata samaki ya kuchoma sipati!"

Watu walicheka, kisha kicheko kikafa. Hapakuwa na familia hata moja yenye uwezo huo.

Nassoro aliokota bonge la udongo. Alilibonyeza kwa vidole. Halikupasuka wala halikunata.

"Udongo hii iko mzuri," alisema. "Baba yangu alifyatua matofali ya jua, bila kuchoma. Nyumba yake ilisimama miaka ishirini. Ilianguka kwa sababu ya moto ya vita, si kwa mvua."

"Basi musiende komini kulia," Cyprien akasema. "Komini imechoka na kilio. Mwende na kitu ya kuomba na kitu ya kutoa."

Walikwenda watu watatu: Nyota, Tonton Feruzi na Mama Micheline. Mama Micheline alikuwa mjane mzee kutoka Maniema. Aliishi peke yake chini ya turubai kuukuu la lori. Mkuu wa komini aliwapokea amesimama.

"Haya, munataka nini?"

Nyota akasogea hatua moja mbele.

"Papa, tunaomba vitu viwili. Viwanja vibaki kwetu. Na utukubalie kujenga na matofali ya jua. Na sisi tutatoa kitu moya. Mufereji ya mutaa yote, tutachimba na mikono yetu."

"Matofali ya jua? Mvua moya tu, inayeyuka kama sukari."

"Utupe wiki sita. Tutajenga nyumba moya. Utakuja weye mwenyewe na ndoo ya maji. Kama inayeyuka, tutanyamaza."

Mkuu wa komini akavuta kiti, akakaa.

"Na ndoo nitamwaga mie mwenyewe?"

"Hata mbili, papa," Tonton Feruzi akasema. "Maji ni yetu."

Mkuu akacheka. Akapiga muhuri orodha zote mbili.

Kazi ikaanza. Nassoro alitengeneza visanduku vya mbao visivyo na kitako. Watoto walikata majani makavu vipande vidogo. Wanawake waliyachanganya na udongo na maji, wakakanyaga mpaka matope yakawa laini. Wanaume walijaza visanduku, wakasawazisha, wakavinyanyua. Tofali likabaki chini, limelowa na kung'aa. Ingawa yaliitwa ya jua, matofali yalikaushwa kivulini kwa wiki tatu, maana jua kali huyapasua.

Siku ya kwanza Mama Micheline alifyatua matofali matano, akakaa chini kupumua.

"Mvua ya Machi itanikuta palepale," alisema.

"Haitakukuta, mama," Nyota akasema mbele ya watu wote. "Kabla ya Machi kuisha utakuwa mu nyumba. Mie nasema."

"Mwanangu," Mama Micheline akajibu, "maneno iko nyepesi. Tofali iko nzito."

Nyumba ya kuonyesha ilijengwa kwa Tonton Feruzi, kwa sababu kiwanja chake kilikuwa kando ya barabara. Chini waliweka msingi wa mawe, kimo cha goti, ili maji yasiguse udongo. Juu waliweka ndele, majani yaliyoshonwa kwenye fito. Paa lilitoka nje ya ukuta urefu wa mkono mzima. Kuzunguka nyumba wakachimba mfereji.

Wiki ya sita mkuu wa komini alikuja. Alimwaga ndoo ya kwanza juu ya paa. Maji yalianguka mbali na ukuta, yakaingia mferejini. Ndoo ya pili aliimwaga chini ya ukuta. Mawe yalilowa. Matofali hayakulowa. Akapiga teke ukutani, kisha akashika kidole chake cha mguu.

"Bon," alisema. "Nyumba imenishinda."

Juma lile alitia sahihi. Viwanja vilibaki vya wakaaji. Yule mfanyabiashara aliambiwa atafute mahali pengine. Matofali ya jua yalikubaliwa, mradi nyumba iwe na msingi wa mawe, paa pana na mfereji. Nyumba zitakazokuwa zimesimama tarehe 31 Machi zingeandikwa kwenye kitabu, na wenyewe wangepata karatasi zao. Nyingine zingengoja mpaka Septemba.

Mtaa mzima ulijenga. Walisaidiana ukuta kwa ukuta. Nassoro alikuwa ameweka msingi wake wa mawe, na matofali yake yalikuwa makavu, yakitosha chumba kimoja tu cha kuanzia. Rundo la Mama Micheline lilikuwa karibu naye, nalo lilitosha chumba kimoja. Majirani walikuwa wamemfyatulia.

Katikati ya Machi, saa tisa mchana, dhoruba ilipiga. Upepo uling'oa majani yaliyofunika rundo la Mama Micheline; yale ya Nassoro yalishika. Mvua ilipokata, pale palikuwa na kilima cha matope.

Matofali mapya yangetaka wiki tatu kukauka. Zilibaki wiki mbili.

Jioni Nyota na Nassoro walikaa mlangoni. Kibanda chao kilikuwa kinavuja bado.

"Nilimuambia Mama Micheline mbele ya watu," Nyota alisema.

"Weye ulisema. Mie sikusema."

"Ni kweli. Na matofali ulifyatua weye. Ndiyo maana naomba tumupe, siamuru."

"Septemba iko mbali, Nyota. Bila karatasi hatuna kitu. Mukubwa mwingine anaweza kukuja, na maneno mengine."

"Najua."

Nassoro alibandua udongo uliokauka kwenye kucha zake. Alifanya hivyo kidole kwa kidole.

"Leo mvua ilimukuta wapi?" aliuliza mwishowe.

"Chini ya meza yake. Turubai ilienda na upepo."

Nassoro akasimama.

"Watoto!" akaita. "Kukujeni hapa. Kila mutu tofali moya moya. Na musiangushe, iko ya Mama Micheline."

Mama Micheline alipoona tofali la kwanza linawekwa mbele yake, alikataa. Alisema hawezi kuchukua nyumba ya watoto. Tonton Feruzi akamwambia, "Mama, ukikataa, mie nitachukua. Nataka chumba ya pili." Basi mzee akaanza kuyapanga matofali.

Tarehe 31 Machi Cyprien alikuja na kitabu kikubwa. Alipita nyumba kwa nyumba. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimesimama. Ya mwisho ilikuwa chumba kimoja chenye paa la ndele, na mlangoni alikaa Mama Micheline amevaa kikwembe chake cha kanisani. Cyprien aliandika jina lake, akampa karatasi. Mzee aliisoma mwenyewe kwa kidole, herufi kwa herufi, akarudia tena.

Kisha Cyprien akafika kwa Nyota. Aliona msingi wa mawe, na juu ya mawe hapakuwa na kitu.

"Na hapa?" aliuliza taratibu.

"Septemba," Nyota akasema.

"Mama, mie najua ilivyokuwa. Naweza kuandika kwamba..."

"Hapana. Usiandike uwongo mu kitabu yetu. Tulitoka jasho kwa ile kitabu."

Cyprien akafunga kitabu. Akarudi hatua moja kinyumenyume. Nassoro alikuwa kando, suruali imekunjwa, miguu ndani ya matope mpaka magotini. Mbele yake kulikuwa na safu ya kwanza ya matofali mapya, bado yanang'aa kwa maji.

"Songa kidogo, monsieur," alisema. "Unakanyaga nyumba yangu."